Diski ya loki kwenye klasta ya seva mbili: kazi kubwa iko kwenye sekunde

Watu wakianza kupanga klasta ndogo ya seva mbili, yaani seva zinazosaidiana ili moja ikianguka nyingine ichukue huduma, swali la kwanza huwa ni la diski yenyewe, iwe na ukubwa gani, iwe SSD au hata ya kawaida inatosha, na mi huwa nawarudisha nyuma kidogo kwa sababu ile diski ya loki haihifadhi kitu cha mtu. Hakuna databesi pale, hakuna mafaili, ni MB chache tu ambazo seva zote zinaweza kuzisoma na kuziandika, na kazi yake yote ni kuamua seva zikiacha kusikiana nani aendelee na nani azimwe. Ukubwa na spidi sio shida kabisa. Shida ni muda, zile namba za sekunde unazoandika siku ya kwanza ukasahau, na ndio maana nataka nikae sana hapo.

Tuseme una seva A na seva B. Databesi inaendeshwa A, data iko kwenye storeji ambayo zote mbili zinaifikia, na B imekaa pembeni inasubiri. Ghafla B haimsikii A. Sasa B itajuaje A amekufa au ni waya tu wa mtandao umechomoka? Haijui, na haina njia ya kujua kwa kuuliza maana njia ya kuuliza ndio hiyo imekatika. Ikidhani A amekufa ikamaunti (yaani ikaifungua itumike) filesystem ya ext4 au XFS wakati A bado yuko hai anaandika, basi data imeharibika, kwa sababu ext4 na XFS hazijatengenezwa kumauntiwa na mashine mbili kwa wakati mmoja, kila moja ina kumbukumbu yake ya hali ya diski na inaandika bila kujua mwenzake kaandika nini. Hakuna ujumbe wa kosa utakaokuja mapema, utagundua baadae sana, pengine hata bakapu zako nazo zimeshabeba uharibifu. Mimi kwa kweli naona bora huduma ilale saa nzima kuliko hili litokee mara moja.

Kwenye klasta ya seva tatu kura zinasaidia, wawili wanaoonana ndio wengi na mmoja aliyejitenga anajua hana kura. Wakiwa wawili hakuna wengi. Corosync, programu inayozifanya seva za klasta zisikiane, ina mpangilio wa `two_node: 1` ambao unaruhusu kila mmoja aendelee hata akiwa peke yake, na unawasha wenyewe `wait_for_all` ili klasta isianze mpaka wote wameonana mara moja, lakini hiyo maana yake ni kwamba mtandao ukikatika wote wawili wanajiona halali. Ndio hapo sasa unahitaji kitu cha tatu, na diski ya pamoja ni moja ya njia za zamani na za kuaminika.

Kuna aina mbili za diski hizi na watu huzichanganya. Aina ya kwanza ni diski ya kura au ya kunyang'anyana, anayeishika kwanza ndio anaendelea. Windows wana disk witness kwenye failover cluster, inataka angalau MB 512 na inahesabiwa kama kura moja. Serviceguard wao, ukiwa na nodi (seva za klasta) mbili loki ni lazima, na moja ya njia ni lock LUN, yaani kipande cha diski kutoka kwenye storeji, na haitumiki klasta ikizidi nodi nne. Red Hat walikuwa na qdisk kwenye klasta zao za zamani, ila kuanzia RHEL 7 haipo tena. Aina ya pili ni SBD, inayotumika na Pacemaker, ile programu ya Linux inayosimamia na kuhamisha huduma za klasta, na hii haipigi kura, hii ni sanduku la kuachiana ujumbe wa kifo. Mi naizungumzia hii ya pili, maana kwenye Linux ndio utakutana nayo na ndio watu wengi wanaiset bila kuelewa inafanyaje.

SBD inagawa ile diski kwenye sloti, kuna nafasi ya nodi 255, kila nodi inachukua sloti yake na daemoni ya sbd, programu inayokaa nyuma ikifanya kazi muda wote, inaisoma sloti hiyo tena na tena kila sekunde. B akiamua A lazima azimwe, anaandika neno `reset` kwenye sloti ya A. A akisoma tu, anajiriboti pale pale bila kuaga, hazimi huduma kwa upole wala nini. Rahisi hivyo.

Lakini swali zuri ni hili, je A kama hawezi kuisoma diski? Labda njia yake ya storeji imekatika, labda keneli imeganda, labda daemoni imekwama. Hapo ndio wochidogi inaingia, kile kipima muda cha hadiwea kinachoonekana kama `/dev/watchdog`. Daemoni ya sbd inatakiwa ikiguse kila mara kuonyesha kwamba iko hai na diski inasomeka, ikiacha kukigusa kwa sekunde zilizowekwa basi hadiwea yenyewe inairiseti mashine bila kumuomba ruhusa mtu. Kwa hiyo A ana njia mbili tu: asome ujumbe ajiue, au ashindwe kusoma auliwe na wochidogi. Njia ya tatu haipo, na uzuri wote wa mfumo huu uko kwenye kukosekana kwa hiyo njia ya tatu.

Sasa angalia upande wa B. B ameandika ujumbe, je anapata jibu? Hapana. A hawezi kujibu "sawa nimekufa". B anachofanya ni kusubiri, muda unaoitwa msgwait, ukiisha anahesabu kwamba A amezimika na anachukua huduma. Yaani usalama wa data yako yote umekaa kwenye ahadi moja kwamba ndani ya muda huo A atakuwa amezimika kwa njia moja au nyingine. Ukiweka msgwait fupi kuliko wochidogi umevunja hiyo ahadi, B atamaunti wakati A bado anaandika, na umerudi kule kule ulikokuwa unakukimbia, tena sasa ukiwa na imani kwamba uko salama. Kwa kawaida wochidogi ni sekunde 5 na msgwait ni sekunde 10, kanuni ni kwamba ya pili iwe angalau mara mbili ya ya kwanza.

Haya, diski ikae wapi. Jibu fupi ni mahali ambapo si A wala si B. Kama una storeji ya SAN, ile ya mtandao maalum wa diski, omba LUN ndogo, MB chache zinatosha. Kama huna, chukua mashine ya tatu, hata dhaifu, ifanye iwe tageti ya iSCSI, yaani itoe diski kwa nodi kupitia mtandao. Usiweke tageti ndani ya moja ya zile nodi mbili, maana nodi hiyo ikifa inaondoka na diski na aliyebaki hawezi kumfensi mwenzake, yaani kumzima kwa lazima. Na kama seva zako ni VM (mashine pepe) hakikisha hiyo mashine ya tatu haikai kwenye hosti ile ile ya moja ya nodi, hili linapitiwa sana kwa sababu kwenye skrini zinaonekana ni mashine tatu tofauti. Pia usiweke SBD juu ya DRBD, inayonakili diski kati ya seva, wala RAID ya programu inayotengenezwa na nodi zenyewe, wala LVM, ile ya kugawa diski kwa programu, sbd inataka iisome diski moja kwa moja bila tabaka katikati.

Kuhusu idadi, sbd inakubali diski moja, mbili au tatu. Moja ni sawa kabisa kwa klasta ndogo, kwa sababu ikikatika nodi haziriboti hovyo, ilimradi Pacemaker yenyewe inaona klasta ni nzima na wanaonana zinaendelea kufanya kazi. Tatu ni nzuri zaidi ukiwa na mashine tatu tofauti za kuziweka, unaweza kupoteza moja bila wasiwasi. Mbili mi siipendi, imewekwa kwa ajili ya sehemu mbili zenye storeji kila upande na kwa mtu wa klasta ndogo inaongeza maswali kuliko majibu.

Kwenye mashine ya tageti kazi inafanywa na targetcli, kitu kama hiki:

`/backstores/fileio create name=sbd1 file_or_dev=/srv/sbd1.img size=10M write_back=false`
`/iscsi create iqn.2025-01.com.example:sbd1`
`/iscsi/iqn.2025-01.com.example:sbd1/tpg1/luns create /backstores/fileio/sbd1`

halafu unaongeza acls, orodha ya wanaoruhusiwa, kwa majina ya iSCSI ya nodi zote mbili na unamaliza na `saveconfig`. Hiyo `write_back=false` usiiache, inalazimisha maandishi yafike kweli badala ya kukaa kwenye kashe ya mashine ya tageti. Fungua na poti 3260 kwenye fayawoo.

Upande wa nodi kabla ya kitu chochote angalia faili la `/etc/iscsi/initiatorname.iscsi`. Kama nodi B uliipata kwa kukloni A basi zote mbili zina jina moja, na tageti ikiona jina lile lile linalogini tena inaikata sesheni ya kwanza, wa kwanza anarudi anamkata wa pili, na wanakatana hivyo hivyo bila mwisho. Ukitazama logi utadhani mtandao ni mbovu. Tengeneza jina jipya kwa `iscsi-iname`, liandike mle, ristati iscsid, ndipo uendelee na `iscsiadm -m discovery -t sendtargets -p` ukifuatisha anwani ya tageti, kisha `iscsiadm -m node --login`. Hakikisha `node.startup` iko `automatic` vinginevyo baada ya kuriboti diski haitakuwepo na sbd haitaanza.

Na usiandike `/dev/sdb` popote. Leo ni sdb, kesho mtu akichomeka diski nyingine inakuwa sdc, na kwenye nodi ya pili pengine tangu mwanzo ilikuwa sdd. Tumia jina la `/dev/disk/by-id/` ambalo linatoka kwenye namba ya diski yenyewe, zile za tageti ya Linux huanza na `scsi-36001405`. Linganisha kwenye nodi zote mbili, lazima lifanane herufi kwa herufi. Ukaguzi huu ufanye kabla ya amri ya `create` maana amri hiyo inaandika juu ya diski bila kukuuliza swali, ukiikosea jina umeandika juu ya data ya mtu.

Wochidogi sasa. Seva nyingi za kweli zinayo, za Intel mara nyingi ni draiva ya `iTCO_wdt`, za HPE ni `hpwdt`. Ukiwa na VM isiyo na kitu kama hicho kuna `softdog` ambayo ni ya keneli tu, na hapa niwe mkweli, softdog ni bora kuliko kukosa lakini inategemea keneli ambayo ndiyo pengine imeganda, kwa hiyo ile ahadi ya sekunde niliyoisema juu inakuwa na ufa. Kama una uwezo wa kumpa VM wochidogi kutoka kwa haipavaiza, programu inayoziendesha VM, mpe. `sbd query-watchdog` itakuonyesha zilizopo. Angalia pia kama kuna programu nyingine imeishika, maana `/dev/watchdog` hushikwa na mmoja tu, na zile programu za usimamizi za kampuni za seva hupenda kuikalia.

Tukifika kwenye `create` ndio tunarudi kwenye sekunde. Usichukue tu zile 5 na 10. Jiulize storeji yangu ikiyumba inayumba kwa muda gani kabla ya kutulia? Kama unatumia multipath, yaani njia zaidi ya moja za kufikia storeji ile ile, na njia moja ikifa inachukua sekunde 30 kuhamia nyingine, na wochidogi yako ni 5, basi kila mara swichi ya storeji ikiribotiwa nodi zako zitajikuta hatarini kuzimwa bila kosa. Na iSCSI yenyewe kwa kawaida inangoja sekunde 120 kabla ya kusema njia imekufa, ile `replacement_timeout`, ambayo kwenye multipath inabidi uipunguze sana. Kwa hiyo wochidogi iwe ndefu kuliko muda wa storeji kuhama njia, tuseme 60, basi msgwait inakuwa 120:

`sbd -d /dev/disk/by-id/scsi-36001405... -1 60 -4 120 create`

Hiyo `-1` ni wochidogi na `-4` ni msgwait. Ukimaliza soma kwa `sbd -d ... dump` uone namba zilivyokaa.

Namba ya msgwait inaburuta nyingine nyuma yake, na hapa ndio naona watu wengi wanaishia njiani. Pacemaker ina `stonith-timeout`, muda ambao iko tayari kungoja kufensi kukamilike, na kwa kawaida ni sekunde 60. Sasa sbd inasubiri 120, Pacemaker imechoka kwenye 60, inasema kufensi kumeshindikana, na huduma haihami. A ameshazimika zamani lakini B amekaa tu anajaribu tena na tena, na wewe unaangalia huduma imelala na nodi nzima iko pale inakutazama. Iweke angalau msgwait mara 1.2, yaani hapa 144, na mi huongeza zaidi kidogo.

Kisha kuna kuriboti haraka. VM inaweza kuzimika na kurudi ndani ya sekunde 20, wakati B bado yuko kwenye msgwait yake ya 120. A anarudi anataka kujiunga na klasta ambayo bado inamhesabu kwamba anakufa, na mambo yanachanganyika. Dawa yake iko kwenye `/etc/sysconfig/sbd`, weka `SBD_DELAY_START=yes`, itamfanya asubiri msgwait iishe kwanza. Ila sasa systemd, inayoanzisha huduma kwenye Linux, nayo ina muda wake wa kungoja huduma ianze, kawaida sekunde 90, na 90 ni ndogo kuliko 120, kwa hiyo systemd itaiua sbd ikiwa inasubiri kwa nia njema kabisa. Inabidi uweke faili dogo la kuongeza muda kwenye `/etc/systemd/system/sbd.service.d/` lenye TimeoutSec ya 144 au zaidi. Unaona ilivyo, namba moja imebadilika na nyingine tatu zimebadilika nayo. Mi huziandika zote mahali pamoja kwenye maelezo ya klasta ili anayekuja baadae asiguse moja peke yake.

Kwenye `/etc/sysconfig/sbd` ile ile weka `SBD_DEVICE` na lile jina refu la diski, na `SBD_WATCHDOG_DEV` ya wochidogi, faili liwe sawa nodi zote, halafu `systemctl enable sbd`. Usihangaike kuistati kwa mkono, inapanda pamoja na klasta. Ndani ya Pacemaker unaongeza risosi (kitu ambacho Pacemaker inakisimamia) moja ya stonith, yaani ya kufensi, moja tu kwa klasta nzima, na usisahau kuipa `pcmk_delay_max=30` au karibu na hapo. Sababu ni kwamba mtandao ukikatika A anamwandikia B na B anamwandikia A sekunde ile ile, wote wanasoma, wote wanajiriboti, na umebaki huna huduma kabisa. Ule ucheleweshaji wa nasibu unampa mmoja nafasi ya kutangulia. Kama unataka yule mwenye databesi ndiye abaki kuna `priority-fencing-delay`, inampendelea mwenye risosi muhimu, na kwa databesi nzito mi naona inafaa sana maana unaepuka kuhamisha kitu kilichokuwa kinaenda vizuri.

Kujaribu. Anza na kitu kisichoumiza, ukiwa A andika `sbd -d ... message nodiB test` kisha angalia logi ya B, utaona imepokea. Hiyo inathibitisha tu kwamba diski inasomeka pande zote. Halafu ua kweli, kwenye A andika `echo c > /proc/sysrq-trigger` keneli ianguke, ukae na saa mkononi uone B anachukua huduma baada ya muda gani. Kama ulihesabu 120 na huduma imehama baada ya 15, kuna kitu hakiko sawa, usifurahie hiyo spidi. Jaribio la tatu ndio la maana kuliko yote, kata mawasiliano ya Corosync wakati nodi zote ni nzima. Usizime interface kwa amri, Corosync za zamani hilo linazichanganya na jibu lake halikufundishi kitu, tumia iptables kudrop UDP ya poti 5405 kuingia na kutoka. Mmoja afe, mmoja abaki, filesystem imauntiwe sehemu moja tu. Rudia mpaka uone mara nyingine anayekufa ni yule mwingine.

Na chomoa ile diski pia, simamisha tageti kabisa klasta ikiwa inafanya kazi. Huduma isitetereke. Lakini elewa kwamba kwa muda huo huna uwezo wa kumfensi mtu, nodi ikianguka wakati tageti iko chini huduma haitahama mpaka diski irudi, na hiyo ni tabia sahihi kabisa. Kwa hiyo weka alamu kwenye tageti kama unavyoweka kwenye nodi zenyewe, kimashine kile kidogo cha tatu ndio watu hukisahau hata kukifanyia update.

Jambo moja kuhusu matengenezo: taimauti zimeandikwa kwenye heda ya diski, huwezi kuzibadilisha klasta ikiwa juu. Weka maintenance-mode, simamisha klasta nodi zote, fanya `create` upya na namba mpya, pandisha tena, rekebisha `stonith-timeout` na ile TimeoutSec, halafu `dump` na `list` kwenye kila nodi. Ukitumia `SBD_STARTMODE=clean` nodi iliyowahi kufensiwa haitapanda mpaka ufute ujumbe wake kwa `message nodiB clear`. Wengine inawakera wanaiweka `always`. Mi naipenda clean, inanilazimisha nisome logi nijue kwa nini nodi ilizimwa kabla sijairudisha kazini.